Meya wa New York ni Mwislamu. Haya, halafu?

MASWALI YA WASOMAJI
Anajibu mwalimu mstaafu wa Uraia, Mtwara

Mwezi huu nilitegemea maswali ya mirathi na michango ya shule, kama kawaida. Badala yake simu imejaa New York. Ubishi juu ya meya mpya wa mji huo umeanzia vijiweni ukafika mpaka kwenye vyama vya msingi vya korosho. Nimechukua haya maswali yanayoshikana. Ya mirathi yatangoja toleo lijalo, marehemu hana haraka.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni bodaboda hapa Chikongola. Wenzangu kijiweni wanasema London meya Mwislamu, New York meya Mwislamu, kwa hiyo Waislamu wameshaingia ndani kwa wakubwa, bado Ikulu ya Marekani tu. Nikawauliza: kama wameingia, mbona Gaza imepigwa na hakuna aliyezuia? Wakanicheka. Nani mkweli?
*Kijana wa Chikongola, Mtwara*

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana katikati kuna abiria anakataa nauli ya Shangani na sauti yake imeimeza yako.

Tuanze na Ikulu, ni jambo fupi. Zohran Mamdani, meya huyo mpya wa New York, alizaliwa Kampala mwaka 1991, na uraia wa Marekani aliupata 2018. Katiba yao inataka rais awe raia wa kuzaliwa. Basi, habari imeishia hapo, hata Wamarekani wote wampende. Ilhan Omar naye hivyohivyo: alizaliwa Mogadishu, akaishi kambi ya wakimbizi karibu na Mombasa, leo ni mbunge wa Minneapolis, lakini urais asahau. (Wazee waliosoma Mlimani wanamfahamu baba yake Zohran, Profesa Mahmood Mamdani, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970. Kijana ana harufu ya kwetu, ila hilo halimpi kura Brooklyn.)

Sasa umeya. Alishinda Novemba 4, 2025 kwa kura zaidi ya milioni 1, akamwangusha Andrew Cuomo aliyewahi kuwa gavana. Hizo si kura za msikitini. Aliahidi kodi za nyumba zisipande, mabasi yawe bure, malezi ya watoto wadogo yawe bure, na watu wa kila dini wanapanga nyumba na wanapanda basi. Lakini angalia kiti chenyewe kinafika wapi. Kodi ya nyumba anaweza kuigusa, kwa sababu bodi inayopanga viwango kwa nyumba zipatazo milioni 1 huteuliwa na meya. Mabasi yako chini ya mamlaka ya serikali ya jimbo. Akitaka kuwaongezea matajiri kodi ya mapato, apige hodi Albany kwa gavana na bunge la jimbo. Na hapo tunazungumzia mabasi tu. Silaha zinazopelekwa Israel hazipiti mezani kwake hata kwa bahati mbaya. Sadiq Khan wa London, mtoto wa dereva wa basi, amechaguliwa mara tatu, 2016, 2021 na 2024. Ana usafiri, anasimamia polisi, lakini mambo ya nje yanaamuliwa na serikali kuu.

Twende basi kunakoamuliwa. Washington, Baraza la Wawakilishi lina viti 435, na uchaguzi wa 2024 uliwapa Waislamu 4. Seneti haijawahi kumpata hata mmoja. Februari 2023 Ilhan Omar alitolewa kwenye kamati ya mambo ya nje kwa kura 218 dhidi ya 211. Novemba mwaka huohuo Rashida Tlaib, Mpalestina pekee bungeni humo, akapitishiwa azimio la karipio kwa maneno yake juu ya vita, kura 234 dhidi ya 188, na wabunge 22 wa chama chake mwenyewe wakiwa miongoni mwa waliomkaripia. Ubunge hawakuwanyang'anya. Ubunge ni wa wapiga kura wa Minneapolis na Michigan, na mwaka 2024 wapiga kura hao wakawarudisha wote wawili. Walichomnyima Ilhan ni nafasi kwenye kamati ambayo mambo ya nje yanachambuliwa.

Uingereza hesabu yao ni nzuri zaidi. Sensa ya 2021 ilikuta Waislamu ni asilimia 6.5 ya watu wa England na Wales, na uchaguzi wa Julai 2024 uliingiza wabunge Waislamu wapatao 25 kati ya 650. Si haba. Ila wengi wameingia kwa tiketi ya chama cha Labour, na chama kina kamba yake. Novemba 15, 2023 Bunge lilipiga kura juu ya kutaka mapigano ya Gaza yasimamishwe. Chama kikasema msiunge mkono hoja hiyo. Wabunge 56 wa Labour wakakaidi, na baadhi yao, kama Yasmin Qureshi, Naz Shah na Afzal Khan, wakaacha nafasi zao kwenye safu ya mbele, wanakokaa wasemaji wa chama bungeni. Shabana Mahmood, Mwislamu mwenzao wa Labour, alibaki. Julai 2024 akawa Waziri wa Sheria, akala kiapo kwa Kurani, picha zikasambaa, watu wakashangilia. Septemba 2025 akahamia Mambo ya Ndani, na Novemba akatangaza mpango wa kuwafanya wakimbizi wangoje miaka 20 kabla ya kupata ukaazi wa kudumu. Sisemi ni mbaya wala mzuri. Nasema anatekeleza sera ya serikali iliyompa kazi, kama angefanya mwingine yeyote kwenye kiti hicho.

Kuna mmoja wao ambaye habari yake haijanitoka kichwani. Humza Yousaf, ambaye mama yake alizaliwa Nairobi, aliingia kuwa Waziri Kiongozi wa Uskoti Machi 2023. Oktoba vita ilipoanza, wakwe zake walikuwa Gaza wamekwenda kuona ndugu. Fikiria mtu ndiye mkuu wa serikali nzima, ana walinzi, ana bendera kwenye gari, na kila usiku anangoja simu kama wewe unavyongojea simu ya mzazi aliyelazwa. Mambo ya nje ya Uskoti yako mikononi mwa London. Alisema hadharani vita isimame, akasema tena. Wakwe walitoka mwanzoni mwa Novemba. Aprili mwaka uliofuata akatangaza kujiuzulu, na wala dini haikuhusika: alivunja makubaliano na chama cha Kijani akabaki bila kura za kumlinda bungeni.

Kwa hiyo kijiweni wewe ndiye uliyeuliza swali lenyewe. Wenzako wanahesabu sura. Waulize wakutajie, kwa kila mmoja wao, nani anaweza kumfukuza na kwa kosa gani. Wakishindwa, wakununulie chai.

Assalaam alaykum Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha nne hapa Lindi, anajitanda, na siku hizi anasema anataka siasa "kama Ilhan". Shangazi yake yuko Ufaransa anataka kumchukua. Je, huko anaweza kuingia bungeni na mtandio wake?
*Mama Z., Mikumbi, Lindi*

Waalaykum salaam mama. Marekani aweza, na ni kwa sababu ya huyohuyo Ilhan. Baraza lao lilikuwa na kanuni tangu mwaka 1837 inayokataza kufunika kichwa ukumbini. Ilitungwa kwa ajili ya kofia za wanaume, lakini mtandio nao ungenaswa humohumo. Januari 2019 walipoingia Ilhan na Rashida, kanuni ikarekebishwa. Brussels kuna dada aliyeingia bunge la mkoa na mtandio mwaka 2009. Australia yupo Seneta Fatima Payman.

Ufaransa ni habari nyingine. Kwanza ajue shule za serikali zimekataza mtandio tangu sheria ya 2004, kwa hiyo akienda kusoma sekondari huko atauvua getini kila asubuhi. Bungeni, tangu 2018 mbunge haruhusiwi kuvaa alama ya dini inayoonekana wazi ukumbini. Kugombea hawamkatazi. Serikali yao hata kuhesabu Waislamu haihesabu, kama ambavyo sensa zetu tangu baada ya 1967 haziulizi dini, kwa hiyo kila tarakimu utakayosikia ni ya kukadiria.

Na asidhani bunge ndiyo hatari peke yake. Uswisi, Novemba 2009, wananchi wenyewe walipiga kura kupiga marufuku ujenzi wa minara ya misikiti, asilimia 57.5 wakakubali. Nchi nzima ilikuwa na minara 4. Kura ilikuwa huru, ya haki, na imehesabiwa vizuri. Mwambie binti amalize kwanza mtihani wake wa Historia.

Mwalimu, kwa nini Waislamu wa Magharibi wasianzishe chama chao? Au wagome kura mpaka wasikilizwe?
*Ustadhi, Mikindani*

Kwetu chama cha dini kimekatazwa na sheria ya vyama ya 1992, nadhani ndiyo maana wazo linakuvutia. Uholanzi kipo kinachokaribia: DENK, kilichoanzishwa na wabunge wawili wenye asili ya Uturuki waliotoka chama cha wafanyakazi. Hakijiiti cha Kiislamu, ila wapiga kura wake unawajua. Kule nchi nzima ni kama jimbo moja lenye viti 150, kura zinagawanywa kwa uwiano, kwa hiyo hata wachache wanaambulia. Mwaka 2017 wakapata viti 3. Geert Wilders, ambaye kuupinga Uislamu ndiyo siasa yake, mwaka 2023 akapata 37 kwa kanuni ileile.

Uingereza wanachagua kama sisi, jimbo moja mbunge mmoja. Hapo kukaa mtaa mmoja kunageuka nguvu. Mwaka 2024 Waislamu wanne waliogombea bila chama waliyachukua majimbo ambayo Labour iliyahesabu mfukoni: Blackburn, Dewsbury na Batley, Birmingham Perry Barr, na Leicester South. La mwisho hilo Shockat Adam, mpima macho aliyezaliwa Malawi, alimwangusha Jonathan Ashworth, mtu aliyekuwa anangojea uwaziri, kwa kura 979. Ilford North, Wes Streeting aliponea kwa kura 528 mbele ya Leanne Mohamad, binti mwenye asili ya Palestina, kisha akaapishwa Waziri wa Afya. Kura 528! Msikiti mmoja mkubwa siku ya Ijumaa unazidi hapo.

Sasa weka kwenye mizani: wanne hao wanakabiliana na Labour yenye zaidi ya viti 400. Hawawezi kupitisha hata nusu ya muswada. Walichofanya ni kuwatia hofu wale waliobaki. Septemba 2025 Uingereza ikaitambua Palestina. Sidai ni kura 979 zilizofanya hivyo, Ufaransa nayo iliitambua mwezi huohuo bila mgombea binafsi wa Leicester. Lakini waziri aliyepona kwa kura 528 anasikiliza kwa sikio jingine, hilo naliamini.

Kugoma je? Michigan walijaribu. Februari 2024, kwenye kura za mchujo za chama cha Biden, zaidi ya watu 100,000 waliweka alama kwamba hawajamchagua yeyote, ili kumwambia asimamishe vita. Agosti, kwenye mkutano mkuu wa chama, waliomba Mpalestina mmoja apewe dakika chache jukwaani. Wakanyimwa. Novemba, mji wa Dearborn, wenye Waarabu wengi, Trump akaongoza. Jirani yake, Hamtramck, mji ambao tangu 2022 baraza la madiwani lilikuwa Waislamu watupu, meya wake mzaliwa wa Yemen alimuunga mkono Trump, na baadaye akapendekezwa kuwa balozi Kuwait. Juni 2025 ikatoka amri ya kuzuia raia wa nchi 12 kuingia Marekani. Yemen imo.

Sitaki kuwacheka. Mwenye kura ya hasira ana haki nayo. Ila Ustadhi, kura ya kuadhibu ina nguvu pale tu anayeadhibiwa anapoamini kesho utamrudia akijirekebisha, na yule unayempa badala yake awe amekuahidi kitu kilichoandikwa.

Kila toleo Ulaya, Ulaya. Bei ya sulfa, dawa ya mikorosho, unaijua? Wabunge wa huko wanatuhusu nini sisi wakulima wa korosho?
*Mkulima, Tandahimba*

Mzee mwenzangu, barua yako imeandikwa kwa peni nyekundu kwenye karatasi ya kaunta buku, na nilipoifungua unga wa njano ukadondoka kwenye kikoi changu, nikapiga chafya. Sulfa naijua.

Nitakujibu kwa korosho. Juni 2018 serikali ilipeleka bungeni mabadiliko ya sheria: ile asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, iliyokuwa inarudi kuendeleza zao, iingie mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini wakasimama, wa chama tawala na wa upinzani, wakasema inatuua. Ulisikiliza redioni kama mimi. Muswada ukapita. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Kassim Majaliwa, wa Ruangwa, amezungukwa na mikorosho. Novemba mwaka huohuo ikatangazwa serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba. Wengine mlilipwa mapema, wengine mlingoja mpaka mkawa mnajificha wenye maduka. Kabla ya hapo tulikuwa na rais wetu, Benjamin Mkapa wa Lupaso, miaka 10. Na Mei 2013, siku bajeti ya Nishati iliposomwa na watu wakaingia barabarani kwa ajili ya bomba la gesi, nilikuwa nyumbani na madaftari ya kidato cha tatu ya kusahihisha, moshi unaingia dirishani, mada ya wiki hiyo ikiwa "Uwakilishi wa Wananchi". Sikusahihisha.

Wa kwetu juu hawajawahi kukosekana, basi. Na hapa ndipo wa Ulaya wanapokuhusu. Wabunge wetu wale wa korosho wangekaidi mpaka mwisho, wakafukuzwa chama, ubunge ungekwisha siku hiyohiyo; ndivyo Katiba yetu ilivyo, mbunge akipoteza uanachama anapoteza kiti. Yule Fatima Payman wa Australia aliyetajwa juu alipiga kura kinyume na chama chake Juni 2024, juu ya kuitambua Palestina. Chama kikamsimamisha vikao, Julai akakihama. Kiti cha Seneti anacho mpaka 2028. Na Shockat Adam wa Leicester, hapa kwetu asingeweza hata kuchukua fomu, kwa sababu mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani miaka na miaka. Mahakama ya Rufani ikalikataa 2010. Juni 2013, mwezi mmoja baada ya moshi ule wa Mtwara, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikasema Mtikila ana haki. Bado fomu hiyo haijachapishwa.

Wewe mbunge wako akikosea unamnyima kura baada ya miaka mitano. Chama kinaweza kumnyima jina mapema zaidi. Anayemwogopa zaidi unamjua.

Bei ya sulfa nitaiulizia na kuiandika, umeshinda.

Mwalimu, mpwa wangu yuko Leicester, anafanya kazi ya kutunza wazee, ana pasipoti ya Tanzania. Anasema yeye mgeni, siasa za huko hazimhusu na kura hana. Ni kweli?
*Mjomba, Masasi*

Si kweli, na wengi hawajui. Uingereza inamruhusu raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola anayeishi huko kihalali kupiga kura, za madiwani na za wabunge, bila kubadili uraia. Tanzania imo. Angekuwa Ujerumani au Marekani ingebidi kwanza achukue uraia wao, na sheria yetu ya uraia ingemtaka auache wetu. Akija kupata kibali cha kuishi cha kudumu, hata kugombea ubunge anaweza.

Ajiandikishe kwa halmashauri ya mji anakoishi, inafanyika kwenye intaneti au kwa karatasi, na akihama nyumba ajiandikishe upya, maana vijana wa huko wanahama kila mwaka na majina yao yanabaki kwenye anwani za zamani. Jiji hilo lina majimbo matatu, na umeona hapo juu kura 979 zilivyofanya kwenye moja. Siku ya kura abebe pasipoti. Tangu 2023 wanataka kitambulisho chenye picha kituoni, na pasipoti ya Tanzania inakubalika.